Sahihi Inayoruhusiwa

Barua ya mhariri ilikuwa fupi: kuanzia toleo lijalo, wachoraji wangeruhusiwa kutia sahihi kwenye kurasa zao.

Kwa miaka thelathini mchoraji alikuwa ameandika jina lake pembeni mwa kila ukurasa wa katuni, na kwa miaka thelathini ofisi ya gazeti huko London ilikuwa imelifuta kwa rangi nyeupe.

"Haya, bwana mkubwa," alisema mkewe, Beryl, akimsogezea kalamu. "Andika upesi. Posta inafungwa saa kumi na moja, na mimi si farasi."

Mchoraji alicheka, lakini hakuipokea. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka juu ya meza. Ugonjwa huo wa kutetemeka ulikuwa umetimiza miaka mitatu, na tangu uanze, mchoraji alikuwa ameacha kutia sahihi, na kila mstari ulichorwa na Beryl. Alipokwenda dukani alivaa glovu hata wakati wa joto, majirani wasije wakaona wino vidoleni mwake.

"Tia sahihi wewe," mchoraji alisema.

"Nikuandikie jina lako? Hata uvivu una mpaka, mume wangu."

"Jina lako."

Beryl aliacha kutabasamu. "Wakijua, kazi imekwisha. Tutakula nini, wino?"

Mchoraji aliusogeza ukurasa karibu. Aliichukua kalamu, akaishika kwa mikono miwili, akaishusha kwenye kona ya ukurasa. Herufi ya kwanza ilimchukua karibu dakika nzima. Ilikuwa B, tena iliyopinda.

Beryl aliitazama. Kisha aliweka kiganja juu ya karatasi, akaikandamiza isisogee.