Kopo la Kung'aa

Mama Kidawa, jirani yake Sikudhani, anadai kwamba Mwajabu, aliyekuwa akigawa unga wa msaada, hakusafiri kama watu wanavyosema. Eti alibishana na mwenyekiti wa kijiji asubuhi, na jioni mlango wake ukakutwa wazi, sufuria ya maharage ingali jikoni, imeungua.

Baada yake kazi ikawa ya Sikudhani. Siku moja, foleni ikiwa imeshafika barabarani, mwenyekiti aliingia ghalani na kopo jipya linalong'aa.

"Pima kwa hili, binti. Hilo lako lina kutu."

Sikudhani alilipindua lile jipya. Kitako kilikuwa kimegongwa, kikaingia ndani karibu hadi katikati.

"Mzee, hili likijaa ni nusu tu. Hawa wana watoto."

"Wao wataona limejaa. Nani atalipindua?" Akacheka kidogo. "Unga utakaobaki nina pa kuupeleka. Hata Mwajabu alikuwa na tabia hiyo ya kupindua vitu."

Sikudhani aliyaweka makopo yote mawili juu ya gunia. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko.

Bibi wa kwanza aliingia, akapiga magoti, akatandika kanga yake sakafuni. Aliyatazama makopo, kisha akamtazama Sikudhani.

"Mjukuu wangu, nipimie kwa lile letu la siku zote."

Nyuma yake mwenyekiti alianza kuurudisha mlango taratibu, na mwanga juu ya ile kanga ukawa unapungua, unapungua.