Mbinja Kwenye Mkonge

Wimbo ulimkatikia Rai kooni panga lilipomwingia begani.

Aliangukia makumbi ya nazi alizokuwa akizifua nje ya mgahawa wa Abdurahman, pale Msambweni. Waliokuwa wakinywa chai wakaruka, vikombe vikapasuka. Juu yake alisimama Chengo, mzee mkavu wa kutoka Kinango, panga likichuruzika.

"Malizia," akasema. "Mbona umenyamaza? Malizia wimbo wako."

"Nimekukosea nini, kaka? Mimi hata sikujui!"

"Mimi nakujua."

Alimjua kwa wimbo. Wakati wa vita vya Hitla, Chengo na mkewe Kadzo walikuwa vibarua kwenye shamba la mkonge la mzungu mmoja. Asubuhi moja alimkuta Kadzo amelala kati ya mistari ya mkonge, kichwa kimepondwa kwa gongo, vidole bado vinatapatapa. Hakumwona muuaji. Alimsikia tu huko mbele, akienda zake taratibu, akipiga mbinja. Wimbo mzima, bila haraka, kama mtu aliyetoka kuoga.

Alipanda kilima kwenda kushtaki, na Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya ya Kwale, akacheka hata miwani ikamshuka. "Unataka niutie pingu wimbo?"

Ulipokuja uhuru, Chengo alipanda tena kilima kile kile, akaingia ofisi ile ile. Aliyekalia kiti safari hii alikuwa mweusi kama yeye, na alikuwa mpole. "Mzee, hayo ya mkoloni tumeyasamehe. Sasa tujenge nchi."

Ameyasamehe yeye! Mke alikuwa wake? Wakubwa ni wepesi sana wa kusamehe damu ya watu wengine.

Chengo akajenga nchi kwa kuchunga mbuzi. Kitu kimoja kilimtesa kuliko hata ule uso ambao hakuuona: wimbo wenyewe ulikuwa umemtoka. Aliutafuta kichwani usiku na mchana. Alikumbuka kwamba ulipanda, ukatua, ukapanda tena. Basi. Lakini siku akiusikia, alijiambia, atautambua.

Na asubuhi hii, alipoleta mbuzi wake sokoni, akausikia. Ulitoka kinywani mwa mfua nazi. Ulipanda, ukatua, ukapanda tena.

Alikwenda akaketi karibu naye, akaagiza chai, asiinywe.

"Wimbo gani huo?" akauliza kwa sauti ya kawaida.

Mwanapili, muuza mahamri, ndiye aliyewahi kujibu. "Huujui huo, mzee? Wa zamani huo! Marehemu nyanya yangu aliolewa nao. Siku hizi hata redio ya Abdurahman inaupiga."

"Nyanya yako wapi!" Abdurahman akadakia kutoka jikoni. "Huo ni wa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Babangu alirudi nao kutoka vitani Bama."

"Niacheni nyote," Rai akasema, akaichoma nazi nyingine kwenye ncha ya kifuo. "Huo ni wetu sisi wa kwenye mkonge. Nikiupiga mbinja mimi, wanawake walikuwa wakisimamisha kazi."

Watu wakacheka. Mwanapili akamrushia kipande cha hamri. "Wewe na sura hiyo! Labda walisimama wapate kukimbia!"

"Wakikimbia nawafuata," Rai akasema, akaanza tena kuimba.

Chengo alikuwa keshasimama.

Na sasa Rai alikuwa akitambaa kinyumenyume, mkono mmoja umening'inia, damu inamwagikia makumbi.

"Nilijisifu tu! Haki ya Mungu, kaka, mkonge siujui! Sijakata hata jani moja maishani! Mwanapili, mwambie!"

Mwanapili alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Kadzo naye alikuwa na maneno yake," Chengo akasema. "Ulimpa nafasi ayaseme?"

Panga likashuka. Rai akakinga kwa mkono mzima, na vidole viwili vikaenda. Likashuka tena, shingoni, na tena, mpaka hapakuwa na wa kujibu. Vidole vilivyobaki vilitapatapa kidogo kwenye makumbi, vikatulia. Chengo alivitazama mpaka mwisho. Alikuwa ameshaviona vingine vikifanya hivyo.

Askari walipofika walimkuta ameketi pale pale, akinywa ile chai iliyopoa. Panga alikuwa ameliweka mezani, kando ya kikombe.

"Waambieni wakubwa wenu kule Kwale," akawaambia, akinyoosha mikono, "wimbo nimeutia pingu mwenyewe."

Wakamfunga. Hakusikia uchungu. Tangu siku ile ya mkonge, kifua chake hakijapata kuwa chepesi hivi.

Hakuna aliyekumbuka kuizima redio. Taarifa ya habari ilikwisha, na wimbo ule ukaanza. Ukapanda, ukatua, ukapanda tena. Askari mmoja aliutikisia kichwa kabla hajakumbuka amesimama juu ya nini. Chengo akatabasamu.

"Ndio huo mlioutaka," mtangazaji akasema ulipokwisha, "na mwimbaji mwenyewe tunaye hapa studioni. Kijana, barua zimetujaa. Kila mtu anasema huo ni wimbo wa babu yake. Uliutoa wapi?"

Kijana akacheka. "Hata mamangu anadai hivyo! Niliutunga Ramadhani hii iliyopita, nikioga."