Mkoba wa Mawe

"Bundi anakula panya wanaomaliza mahindi yenu! Haleti msiba! Niseme mara ngapi?"

Koo lilikuwa limemkauka Mwanakheri, afisa wa wanyamapori aliyetumwa kuwaelimisha watu wa mtaa ule. Waliitikia kwa vichwa, mawe wameyashika vilevile. Akawapokonya moja moja, akayatia mkobani na kuondoka akisonya.

Magharibi alirudi nyumbani, akamkuta mama yake bado kitandani, homa haijashuka. Bundi akatua juu ya bati, akalia.

"Umemsikia, mwanangu?"

"Ni ndege tu, mama. Anatafuta panya."

Bundi akalia tena. Mama akajifunika shuka mpaka usoni.

Mwanakheri akatoka uani, macho juu ya bati, mkono umeshazama mkobani, ukipapasa jiwe lililo zito zaidi.