Fungu la Mchicha

Stefania alipanda hadi kijiji cha Kwashemshi kumrudishia mkulima, Mzee Mhina, kapu lake la mboga. Mwanzoni mwa msimu alijiunga na familia za Korogwe mjini zilizomlipa mzee huyo na kukubali kugawana naye mavuno ya shamba lake, yawe mengi au haba. Wiki hii aliletewa fungu moja tu la mchicha uliotobolewa na wadudu.

"Shikamoo mzee. Mimi najitoa. Mchicha huu hata kuku hawali."

"Marahaba, mwanangu. Jua limetuchomea shamba," alijibu Mhina kwa upole. "Karibu kwanza ule."

Mkewe akafunua sufuria. Vipande vya papai bichi vilikuwa vikitokota kwenye maji matupu.

"Kwani nyinyi hamkubakiza mchicha?" Stefania aliuliza.

"Wote tuliwaletea ninyi wa mjini," mama huyo alijibu.

Stefania alipokea sahani kwa mikono miwili, akitamani kuyameza maneno yake.