Sakafu ya Mke Mdogo

Zamu ya kupika ilikuwa ya Mwatumu, mke mkubwa, basi chakula cha mumewe alikipeleka hukohuko kwa mke mdogo, ambako mume huyo, Mbaraka, alikuwa akisawazisha sakafu ya bafu ili liwekwe beseni jipya la kuogea. Alimkuta Mbaraka amepiga magoti. Anapima, anaongeza saruji kidogo, analainisha, anapima tena. Bafu lake yeye Mwatumu, Mbaraka alilimwagia saruji amesimama.

“Ikiinama hata kidogo, beseni litayumba,” alisema Mbaraka bila kugeuka.

“Na kwangu? Kila nikioga nafukuzana na maji hadi chumbani.”

“Kwako, mama Tamimu, nyumba yenyewe imekaa upande.”

Mbaraka alipotoka kwenda kunawa, Mwatumu alivua kandambili, akakanyaga ile saruji mbichi kwa nguvu zake zote, kisha akaenda zake.

Mbaraka aliporudi aliukuta unyayo. Kidole gumba kilikuwa kimepinda; alikijua.

“Bado tu?” Salha, mke mdogo, aliita kutoka uani. “Beseni limefika!”

Mbaraka aliokota mwiko wa saruji, akauinamisha juu ya unyayo. Mkono ukabaki hapohapo, hewani.