Bahari ya Wodini

Matroni alisogeza pua karibu na mchoro kwenye ukuta wa wodi, akakunja uso.

"Mdogo wangu, wagonjwa wanataka bahari. Hapa naona madoa tu, ya waridi, ya njano, sijui ya nini. Bahari ni buluu, hata mtoto anajua."

"Basi mtoto hajaitazama bahari jua linapochomoza," mchoraji akajibu. "Mimi nimeitazama siku kumi na mbili. Rudi nyuma kidogo, mama, utaiona."

Matroni hakurudi nyuma hata unyayo. Alimwita fundi rangi aliyekuwa akipaka ukumbi. "Funika ukuta wote. Piga nyeupe."

Fundi alichovya rola ndooni, akaiinua. Rangi ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Mchoraji aliitazama rola. Siku zote hizo za kudamka kuuwinda mwanga, mwanga wenyewe hauna subira, leo zifutwe kwa mkono mmoja? Akajipenyeza kati ya rola na ukuta, mgongo ukinata kwenye rangi mbichi.

"Matroni," fundi akauliza, "sasa nipake wapi?"

"Kaka, niazime hiyo nyeupe," mchoraji akasema. Kabla hajajibiwa, alitumbukiza vidole vitatu ndooni, akageuka, akavibandika pale wimbi lilipokuwa likipokea jua. Rangi ilivimba nene, ikang'aa.

"Leo ndiyo mwisho wako hapa!" Matroni akafoka.

"Sawa, mama," akasema, akachovya tena.