Skrubu Ndani ya Glasi

Daktari aliyeufunga mfupa wa Bi Mashavu kwa skrubu nyeupe zinazoyeyuka mwilini alimpa moja ya ziada. Bi Mashavu akaitumbukiza kwenye glasi ya maji dirishani, apate kujua kinachoendelea mguuni mwake.

"Zikiisha, mfupa utakuwa umeshashika. Utatupa magongo," daktari alimwambia. Yeye alilosikia ni moja tu: zikiisha.

Miezi ikapita. Kila alasiri nyumba ilijaa majirani, vikombe vya kahawa mkononi, macho kwenye glasi. Skrubu ilikuwa vilevile, imelala chini ya maji kama samaki aliyesinzia.

"Shoga, wamekutilia plastiki hao," Kibibi wa nyumba ya pili alimtania. "Utazikwa nayo!"

Watu wakacheka. Bi Mashavu alifurahi kimoyomoyo: isipoyeyuka, mguu una cha kuegemea. Na magongo hakuyaacha.

Leo Kibibi akaigusa kwa kijiko. Skrubu ikamomonyoka yote kwa mara moja, kama muhogo ulioiva kupita kiasi, na maji yakawa ukungu. Kumbe maji yalishaingia ndani siku nyingi, yakiila polepole.

"Na hii ilikaa kwenye maji baridi," Kibibi akanong'ona. "Za mguuni, kwenye joto la damu, si zilitangulia zamani?"

"Sasa nilikuwa nasimamia nini siku zote hizi?" Bi Mashavu akauliza.

Akampa Kibibi gongo moja, kisha la pili, akainua mguu apige hatua. Ndani ya glasi ukungu ulikuwa ukizunguka taratibu, bado haujatua.